Usinunue spea ya kijeshi kabla hujasoma mkia wa namba yake

Wenzangu mnaotengeneza redio kongwe na mashine za vipimo, hizi spea za kijeshi za Kimarekani ni nzuri sana na zinadumu, ila naona mtu anaangalia pale katikati tu, akishaona 2N2222A (namba ya transista) anasema ndo yenyewe hiyo, analipa. Ile ya katikati inakwambia kitu kinafanya kazi gani basi, mengine yote yako mwanzo na mkiani.

JANTX2N2222A ni kile kikopo cha chuma chenye miguu mitatu tulichokizoea. JANTX2N2222AUB ni transista ile ile lakini iko ndani ya kiseramiki cha kubandika juu ya bodi, miguu haina kabisa, sasa bodi yako ya matundu matatu utaifanyaje? Halafu JANTX imepita majaribio ya ziada, JANTXV imekaguliwa na ndani kwa macho kabla ya kufungwa, JANS ni ya vyombo vya anga za juu na bei yake nayo iko huko huko.

Kinachowaponza wengi ni kukariri herufi. Herufi peke yake haina maana jamani, angalia imekaa wapi na ni standadi gani! S ya JANS ni anga. S mwisho wa rezista RNC55H1001FS ni kiwango cha kufeli, asilimia 0.001 kwa saa 1,000 (ingekuwa M ni asilimia 1, yani mara elfu nzima), F ni usahihi wa asilimia 1, na 1001 ni 100 unaongeza sifuri moja, ohm 1,000. Nenda kwenye konekta za D38999, S ni jike. Na hapo kuwa makini kweli, D38999/26WB35PN, P ni dume, N ya mwisho ni mkao wa vile vijino vya kuelekezea, ukiletewa yenye A haiingii kwa mwenzake wa N hata usukume vipi.

IC, yani saketi nzima ndani ya kipande kimoja, ndo usiseme. JM38510/00104BCA ni geti za mantiki za 5400, B ni daraja la ubora, C ni umbo la miguu 14, A miguu imechovywa solda. Ikiishia BCC, ile C ya pili ni dhahabu.

Mimi naikata namba kwenye karatasi kipande kwa kipande huku nimefungua standadi yenyewe, zipo bure kwenye tovuti ya DLA (shirika la ugavi la jeshi la Marekani), transista na dayodi ni MIL-PRF-19500, hizo RNC ni MIL-PRF-55182. Kipande kimoja kisipoeleweka silipi. Na mwombe muuzaji picha ya spea yenyewe aliyonayo mkononi, maana kuna watu wanafuta maandishi wanaandika upya: IC ya LM124J/883 ile J ni seramiki, kwahiyo ukiona hayo maandishi juu ya plastiki nyeusi usiipokee.