Ukitaka kuvijua vichwa vya NR vya Australia, anzia Hawkesbury River

Kwa msomaji atakayefika Sydney akiwa na hamu ya kuona vichwa vya treni vya daraja la NR vikifanya kazi, ushauri wangu ni kwamba asianze na treni ya watalii ya Indian Pacific, kama nilivyofanya mimi. Nilishinda stesheni kuu nikisubiri kichwa chenye rangi za kuvutia, nacho kikaondoka taratibu bila hata kuguna.

Vichwa hivi viliagizwa kwa ajili ya mizigo. Mwaka 1995 reli ya Melbourne hadi Adelaide ilipobadilishwa kuwa ya geji ya milimita 1,435, upana uleule wa SGR zetu, kilichohitajika ni kichwa cha aina moja kinachoweza kuvuta makontena kutoka Brisbane hadi Perth. Shirika la National Rail liliagiza 120, na kampuni ya Goninan ikaviunda Broadmeadow na Bassendean kati ya 1996 na 1998. Tangu 2002 viko chini ya kampuni ya treni za mizigo ya Pacific National.

Panda treni ya abiria hadi stesheni ya Hawkesbury River, kaskazini mwa Sydney, ukakae jukwaani. Treni za mizigo zitokazo kaskazini huvuka daraja la mto, hupita hapo, kisha huanza kukwea kuelekea Cowan, mahali ambapo reli hupanda mita moja kwa kila mita 40. Kichwa kimoja kina uzito wa tani 132 na nguvu farasi zipatazo 4,000, lakini nyuma yake kuna mlolongo wa makontena usiokwisha, na hapo ndipo utakapousikia mdundo mzito wa injini yake ya silinda 16, kishindo baada ya kishindo, huku mchanga ukimwagwa mbele ya magurudumu yasiteleze. Usivuke mstari wa njano kwa ajili ya picha; pia chukua maji na chakula, kwa kuwa treni ya mizigo haina ahadi na mtu, na siku moja niliisubiri kwa muda wa saa tatu.

Siku hiyo kichwa cha mbele kilikuwa chekundu, kimepakwa rangi za The Ghan, treni nyingine ya watalii, nacho kimejaa vumbi, kinavuta makontena. Behewa la mwisho lilipotokomea kwenye kona, injini iliendelea kusikika milimani kwa dakika kadhaa.