Kabla ya Kunukuu Takwimu ya Mtandao, Uliza Kilichohesabiwa

Ripoti yangu ya kwanza kuhusu sera ya mawasiliano ilirudi mezani kwangu ikiwa na mstari mmoja wa kalamu ya risasi, chini ya sentensi niliyoiona kuwa nzito kuliko zote. Nilikuwa nimeandika kwamba watu tisa kati ya kumi wana simu. Pembeni, mkaguzi wangu aliuliza maneno matatu tu: "Watu, au laini?" Nilipolifungua tena jedwali nililolinukuu, nilikuta kichwa cha safu kikisema waziwazi kuwa zilizohesabiwa ni laini. Hitimisho langu lote, pamoja na mapendekezo niliyoyajenga juu yake, lilikuwa limesimama juu ya neno ambalo sikulisoma.

Tangu hapo nimefanya utafiti wa sera za simu na intaneti kwa miaka mingi, na ushauri ninaompa kila anayeanza ni huo huo: usianze na takwimu, anza na maana ya kitu kilichohesabiwa. Kwa ufafanuzi wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, laini ya malipo ya kabla huhesabiwa kuwa hai iwapo imetumika ndani ya miezi 3 iliyopita. Kipimo hicho kinafaa kwa kazi yake, kwa maana kinaonyesha ukubwa wa soko, lakini hakikuambii ni nani aliyefikiwa na huduma. Jibu la swali hilo hupatikana katika uchunguzi wa kaya, ambamo kila mtu huulizwa mwenyewe, na mume hajibu kwa niaba ya mkewe.

Niliielewa tofauti hiyo barabara siku nilipomhoji mama mmoja aliyebandua kifuniko cha simu yake na kutoa kadi ya pili, iliyokunjwa ndani ya kipande cha karatasi ili isipotee. Kadi iliyokuwa ndani ya simu ilikuwa ya kuwapigia ndugu walio kwenye mtandao huo, na ile ya karatasini ilikuwa ya kununulia bando la intaneti, ambalo binti yake alilitumia usiku kwa masomo, kwa simu hiyo hiyo. Kwenye jedwali, nyumba ile ilikuwa na wateja wawili. Nilichokiona kwa macho yangu kilikuwa simu moja, watu wawili wanaopokezana, na intaneti ya saa chache.

Kadi ile ya pili ilinifundisha jambo jingine ambalo vitabu vilikuwa vimenieleza bila kuniingia. Mtu anapopiga simu kwenda mtandao mwingine, kampuni yake huilipa kampuni inayoipokea simu hiyo, na malipo hayo yakiwa makubwa, bei ya kupiga nje ya mtandao hupanda. Ndipo watu huanza kutembea na kadi mbili au tatu. Mamlaka ya udhibiti ikiyashusha malipo hayo, sababu ya kuwa na kadi ya ziada hupungua, na idadi ya laini inaweza hata kushuka ilhali hakuna aliyepoteza huduma. Kwa hiyo wingi wa laini, unaotangazwa mara kwa mara kama ushahidi wa mafanikio, wakati mwingine ni dalili ya ushindani uliobanwa. Sijui kosa jingine katika fani hii linalopotosha maamuzi kimyakimya kuliko hili.

Tatizo hili haliziachi hata nchi zenye takwimu nyingi. Mwaka 2015, tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipandisha kiwango cha chini cha kuitwa intaneti ya kasi kutoka megabiti 4 kwa sekunde za kupakua hadi 25, na mwaka 2024 ikakifikisha 100. Nyumba iliyokuwa na megabiti 10 mwaka ule wa 2015 iliondoka kwenye orodha ya waliofikiwa bila waya wake kuguswa, na mtafiti anayelinganisha miaka hiyo bila kutazama ufafanuzi ataandika kuwa huduma imerudi nyuma. Tena, kwa miaka mingi ramani za tume hiyo zililihesabu eneo zima dogo la sensa kuwa limefikiwa iwapo kampuni iliweza kuihudumia hata nyumba moja ndani yake. Vijijini, ambako maeneo hayo ni mapana, familia nyingi zilionekana kuwa na huduma ambayo hazijawahi kuiona. Sheria ya mwaka 2020 iliagiza ramani bora, na ile inayohesabu jengo kwa jengo ilitolewa Novemba 2022.

Maoni ya wananchi nayo yachunguzwe vivyo hivyo. Mwaka 2017, FCC ilipokuwa ikijadili kufuta kanuni za usawa wa mtandao, yaani zile zinazozuia kampuni za intaneti kuzibagua tovuti na huduma zinazopita kwenye mitandao yao, ilipokea maoni zaidi ya milioni 22. Uchunguzi wa mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, uliotolewa mwaka 2021, ulibaini kuwa karibu milioni 18 kati ya hayo yalikuwa ya kughushi. Ndiyo maana siku hizi sihesabu maoni. Ninayasoma, nikianza na yale marefu ya kampuni zenyewe, kwa sababu kampuni inayopinga hoja ya mpinzani wake hulazimika kufichua gharama na mipango ambayo isingeitaja popote pengine.

Kuhusu kanuni na leseni, soma kwanza sehemu ya tafsiri ya maneno, kisha viambatisho, ndipo urudi kwenye vifungu. Hifadhi nakala ya kila waraka pamoja na tarehe uliyoupakua, kwani nyaraka hubadilishwa na toleo la zamani hutoweka. Na pale jedwali linapokosa maelezo, mwandikie ofisa wa takwimu aliyelitayarisha, umuulize mambo mawili: kitu gani kilihesabiwa, na nani alikihesabu. Nimeandika barua nyingi za namna hiyo, na majibu niliyopata nimeyaweka katika jalada moja ambalo hulifungua kabla ya kuandika sentensi yoyote yenye asilimia ndani yake.