Mteja akijibu "niko sawa tu"
Dada, wewe kama kocha wa maisha umeuliza ufanyeje mteja anapojibu kila swali kwa "niko sawa tu" na mazungumzo yanabaki juu juu. Punguza "kwa nini", maana humfanya mtu ajitetee. Uliza, "Nini kilikuwa kigumu zaidi hapo?" kisha nyamaza. Hapo ndipo makocha wengi huponyokwa: kimya kinawachoma, wanarusha swali la pili kabla la kwanza halijajibiwa. Akiinama na kutazama vidole vyake, huenda anafikiri, mwache. Halafu mrudishie neno lake mwenyewe. Akisema "nimechoka kubebeshwa", muulize, "Kubebeshwa nini?" Tafadhali usiligeuze kuwa "msongo wa mawazo", hilo ni lako. Akifikia majeraha ya zamani yanayomlemea, mwelekeze kwa mwanasaikolojia.