Kadi za Mkono: Wino na Karatasi Kwanza, Mihuri Baadaye

Maswali yamerundikana, na kama kawaida wengi mnauliza mihuri mizuri inauzwa wapi. Wanaouliza habari za karatasi ni wa kuhesabu. Leo nimechagua maswali yanayogusa jambo ninalolirudia kila nikipata nafasi: kadi nyingi huharibikia kwenye wino na karatasi, mhuri unasingiziwa tu. Pedi (kisahani cha sponji chenye wino) na kitofali cha akriliki (kipande angavu unachobandika mhuri ili uushike) sivielezi tena, mnavijua.

SWALI: Shikamoo mama. Nimegonga mhuri kwenye karatasi ya kung'aa, leo siku ya tatu na wino bado unachafua vidole. Nisubiri hadi lini? (Msomaji, Tanga)

Marahaba mwanangu. Usisubiri, hautakauka. Swali hili linakuja kila mara, na kila mara mwulizaji hataji ni wino gani, wakati hapo ndipo lilipo jibu. Kwa dalili ulizotoa, huo ni wino wa pedi ya ofisini au wa pigimenti.

Wino mwepesi wa maji huzama ndani ya karatasi na kukauka papo hapo. Ubaya wake, hupauka ukikaa juani na huchuruzika ukiguswa na maji. Wino wa pigimenti una chembe za rangi zinazokaa juu ya karatasi. Rangi yake ni nzito na hudumu, lakini hata kwenye karatasi ya kawaida unataka muda. Ule wa ofisini umetengenezwa makusudi usikaukie kwenye pedi, mara nyingi una glisirini ndani, na unategemea karatasi ndiyo iunywe. Sasa karatasi yako ya kung'aa imepakwa tabaka laini lililoziba vinyweleo vyake. Wino hauna pa kuzama, unabaki juu juu, na kwa unyevu wa hewa ya pwani hali inazidi kuwa mbaya.

Zilizokwisha kugongwa unaweza kuziokoa. Maadamu wino bado mbichi, zinyunyizie poda ya embosi isiyo na rangi, yaani unga laini wa plastiki unaoyeyuka kwa joto, kung'uta iliyozidi, halafu iyeyushe kwa joto. Itaufunika wino na kuufunga. Kwa kazi inayofuata, badilisha karatasi. Kabla ya kununua pakiti nzima, nunua karatasi moja, itonee tone la maji na uangalie. Tone likitanda na kuacha doa la unyevu, karatasi hiyo inakunywa. Likibaki limejikusanya duara juu juu, wino wa pigimenti na wa ofisini hautakauka hapo, hata muuzaji akikuapia.

SWALI: Draya ya nywele inayeyusha poda ya embosi?

Hapana. Hupuliza sana na joto lake ni dogo, poda itaruka kabla haijayeyuka. Tumia blowa ya joto kama ile ya mafundi simu, uipashe kadi kutokea upande wa chini kwanza. Poda ni kavu na imefifia. Ghafla utaona sehemu moja imelainika na kung'aa, na hapo hapo sogeza blowa kwenye sehemu inayofuata. Ukizidisha joto mchoro unatota na kuacha ukingo wa mafuta. Na ile poda inayonata mahali ambapo hukugonga mhuri ni kwa sababu karatasi ina unyevu au jasho la vidole. Ipanguse kwa poda ya mtoto kidogo sana kabla ya kugonga. Blowa hiyo inaunguza. Watoto wasiishike, na usiitumie mezani palipo na kitambaa cha plastiki.

SWALI: Nataka kuanza. Nimeona seti ya mihuri 60 mtandaoni, ninunue? (Msomaji, Morogoro)

Usinunue. Ninawajua wenye masanduku ya mihuri ambayo haijawahi kuguswa wino, na kadi zao zote zinafanana, kwa sababu seti hiyo hiyo inauzwa kila mahali. Theluji, mti wa msonobari, kikombe cha kakao: nani kwenu Morogoro atajiona humo?

Hiyo fedha nunua pedi mbili nzuri, nyeusi na ya rangi moja uipendayo, karatasi nene ya uzito wa gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba, kisu kikali cha kukatia karatasi na raba kubwa za kufutia penseli. Raba huchongeka vizuri kabisa. Chora kwa penseli, chonga pembeni ya mstari ukiinamisha kisu kwenda nje, ili mchoro uwe na kitako kipana. Ukikata wima, au ukiingiza kisu chini ya mchoro, kingo zitavunjika baada ya kugonga mara chache.

Kwa mchoro wa kwanza, fungua kabati la mama yako utoe kanga. Kanga ni somo kamili la kupanga kadi. Ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, na chini ya mji lipo jina, yaani yale maneno ya kanga. Chonga raba ndogo ya pindo, labda korosho moja au nukta tatu, na raba kubwa ya mji. Pindo anza kuligonga kwenye kona zote nne, kisha jaza ukielekea katikati ya kila upande. Ukianzia kona moja na kuzunguka, utafika mwisho nafasi haitoshi, na jicho la kila mtu litakwenda hapo hapo. Jina liandike kwa mkono wako, kwa herufi kubwa. Rangi mbili zinatosha. Ukitaka ya tatu, jiulize kwanza kama karatasi yenyewe haiwezi kuwa ndiyo rangi ya tatu.

Neno moja zaidi ambalo hukuuliza: usinakili kanga mpya ya dukani mstari kwa mstari. Kuna mtu aliyekaa akaichora. Jifunze mpangilio, mchoro uwe wako.

SWALI: Nimechonga "Eid Mubarak", ikatoka kinyumenyume. Kosa liko wapi?

Umechonga maneno yanavyosomeka. Mhuri hugeuza kila kitu. Andika kwenye karatasi nyembamba kwa penseli laini, ilaze karatasi kifudifudi juu ya raba, sugua mgongoni kwa ukucha au kijiko. Maandishi yatahamia yakiwa yamegeuka tayari. Herufi ndogo sana mpelekee fundi wa mihuri, wapo karibu kila mji, atakutengenezea kwa mpira kutoka kwenye kompyuta. Muombe neno la pongezi na aina ya herufi uliyoichagua wewe. Na asije mtu akamtaka fundi huyo anakili mhuri wa shule au wa serikali za mitaa "kwa ajili ya urembo". Hiyo ni njia ya kwenda mahakamani, tena na fundi wa watu.

SWALI: Kadi zangu zinapasuka kwenye mkunjo, rangi inabanduka na weupe unaonekana. Ni karatasi mbovu? (Msomaji, Nakuru)

Huenda karatasi haina kosa, umeikunja kinyume na nyuzi zake. Kila karatasi ya kiwandani nyuzi zake nyingi zimelala upande mmoja. Chukua karatasi, ipinde taratibu bila kuikunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Upande unaokubali kwa ulaini ndio unaofuata nyuzi, na mkunjo wako uwe hapo.

Hili lina maana kubwa katika kukata A4. Nyingi zina nyuzi zinazokwenda na urefu wa milimita 297. Ukiikata A4 katikati ya urefu huo upate A5 mbili, kisha kila moja ukaikunja kuwa A6, mkunjo unafuata nyuzi na kadi inatulia. Ukiipasua A4 kwa urefu upate vipande virefu vyembamba, kisha ukavikunja katikati, unapata kadi ya ukubwa ule ule wa A6, lakini mkunjo umekata nyuzi. Kadi inapasuka, nawe unalaumu duka. Zote mbili zinaingia kwenye bahasha ya C6, milimita 114 kwa 162.

Halafu piga mfereji, yaani bonyeza mstari pale pa mkunjo, kabla ya kukunja. Kalamu ya wino uliokwisha na rula vinatosha. Mfereji uliobonyea ubaki nje, ule mwinuko wa upande wa pili uingie ndani ya kadi. Wengi hufanya kinyume kwa sababu mkono unavutwa kukunja kufuata bonde. Jaribu vipande viwili, uvitazame kwa karibu kwenye mwanga wa dirisha, hutarudi nyuma.

SWALI: Mihuri ya plastiki angavu naweza kuisafisha kwa spiriti?

Achana na spiriti. Tumia maji ya vuguvugu, sabuni kidogo ya vyombo na kitambaa laini. Doa la wino linalobaki halipunguzi kazi ya mhuri. Juani ndiko kunakoua mihuri hii, huwa ya manjano na kukakamaa, kwa hiyo iondoe dirishani.

SWALI: Nikinunua mhuri wa kampuni ya nje, ninaruhusiwa kuuza kadi?

Mhuri ni wako, mchoro si wako. Kampuni nyingi huruhusu kuuza kadi uliyoigonga kwa mkono, moja moja, na hukataza kuipiga skana na kuichapa kwa wingi. Masharti yao husomwa kabla ya kununua. Anayepiga picha mchoro wa mtu mtandaoni na kumpelekea fundi autengenezee mhuri anaiba, na hakimiliki ina wasimamizi: Tanzania ni COSOTA, Kenya ni KECOBO. Kwa hao hao ndiko utakakokimbilia siku mchoro wako utakapoibwa.

SWALI: Bibi harusi mtarajiwa anataka kadi 300 za mkono kwa wiki mbili. Na shangazi yangu ananiambia niache kabisa, siku hizi watu wanatumiana WhatsApp. Nifanyeje? (Msomaji, Dar es Salaam)

Mia tatu kataa. Kadi ya rangi tatu hugongwa mara tatu. Hapo ni kugonga mara 900, bado hujakata, hujakunja, hujasubiri rangi moja ikauke ndipo nyingine iingie, hujarudia zilizoharibika. Utafanya haraka, wino utachafuka, na jina lako litaharibika mbele ya ukumbi mzima. Mpendekezee kadi 30 za mkono kwa wazee wa pande zote mbili, wasimamizi na kamati, nyingine zichapwe kiwandani kwa mchoro wako. Chukua nusu ya fedha kabla ya kununua karatasi. Na bei ihesabu saa zako. Anayehesabu karatasi na wino tu anawafanyia kazi wateja wake bure.

Shangazi mheshimu, ila hapa simuungi mkono. Kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa, Henry Cole aliichapisha London mwaka 1843 kwa sababu hakuwa na muda wa kuandikia watu barua, na posta ilikuwa imeshuka bei tangu 1840. Nakala zipatazo 1,000 zilichapwa, moja kwa shilingi moja ya wakati ule, ambayo haikuwa fedha ndogo. Kazi ile ya kumrahisishia mtu mwenye haraka sasa inafanywa na simu, na inaifanya vizuri. Kadi ya mkono hununuliwa na anayetaka mpokeaji aone kwamba ameketi kwa ajili yake. Ndiyo maana nawasihi muache ndani wazi. Mnagonga "Hongera" nje na shairi zima ndani, mtumaji anakosa pa kuandika hata jina la mtoto aliyezaliwa.

SWALI: Mbatata inafaa kwa watoto?

Inafaa sana. Ikate katikati, ichonge, ifute kwa kitambaa na uiache dakika chache itoe maji, ufute tena. Wapake rangi kwa sponji au brashi. Wasiichovye kwenye pedi yako, maji yake yataiharibu.

SWALI: Niko Minneapolis. Kadi ya mraba niliyomtumia dada yangu Texas imerudishwa, wanadai niongeze stempu. Kwa nini? 

Bahasha ya mraba Marekani hulipiwa zaidi kwa sababu mashine za posta haziwezi kuipanga. Hata ya mstatili, ikiwa ngumu au ina vinundu kama vifungo na lakiri ya nta, hulipiwa hivyo hivyo. Ipeleke dirishani ipimwe kabla ya kubandika stempu, na ile uliyokwisha kuigonga itie ndani ya bahasha ya mstatili yenye nafasi.