Shtaka likisomwa, usikimbilie kusema "ndiyo"

Hapa Busia, upande wa Uganda, wengi wanaoniomba niwasindikize mahakamani wanaamini kwamba "plead" ni kuomba huruma. Mtaani, sawa. Mbele ya hakimu ni kujibu shtaka: unakiri au unakana. Kuomba upunguziwe adhabu kuna wakati wake, ukishatiwa hatiani. Anayechanganya hayo mawili anaweza kukiri kosa asilolitenda, huku akidhani anaonyesha adabu.

Niliwahi kumsindikiza kijana wa bodaboda aliyeshtakiwa kwa kupokea mali ya wizi. Kusomewa tu, akajibu haraka: "Ndiyo mheshimiwa, simu niliinunua mimi, naomba msamaha." Sasa, kununua simu si kosa. Kosa ni kuipokea ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Hakimu, Mungu ambariki, akamuuliza taratibu kama alijua ni ya wizi. Hakujua. Ikaandikwa kwamba amekana.

Kuulizwa vile ni haki ya kila mshtakiwa. Mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao mahakama za Uganda zinaufuata mpaka leo. Shtaka lielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, pamoja na yote yanayolifanya kuwa kosa, na jibu liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana. Akikiri, mwendesha mashtaka aeleze yaliyotokea, naye apewe nafasi ya kuyapinga. Akiyapinga kwa jambo la msingi, iandikwe kwamba amekana.

Kwa hiyo kama Kiingereza kinakupiga chenga, sema kabla hujajibu. Ibara ya 28 ya Katiba ya 1995 inakupa mkalimani bila malipo, na tafadhali usione haya kumdai, hata kama foleni ya kesi ni ndefu na karani anasoma mbiombio. Kama una "lakini", itoe palepale. Ukishakiri na hakimu akakuhukumu, rufaa yako inabaki kwenye uhalali wa kukiri kwenyewe na adhabu uliyopewa, basi.

Kesi za madai, kama deni au shamba, zina njia nyingine: jibu ni la maandishi, kwa kawaida ndani ya siku 15 tangu upokee wito. Mtafute wakili mapema, kwani hoja utakayoiacha nje ya karatasi hiyo ni vigumu kuiingiza baadaye.