Programu kujua kwamba haijui: kwa nini kweli na si kweli havitoshi

Mkuu, umeuliza kama kweli kuna haja ya mantiki ya pekee kwa programu inayojihoji inajua nini, au tunajisumbua bure. Nimefanya kazi na mifumo ya kliniki kwa miaka kadhaa, na kwangu jibu liko kwenye kisanduku kimoja cha fomu: mzio.

Kisanduku kiko tupu. Daktari anataka kumwandikia mgonjwa penisilini, mfumo unatafuta, haukuti kitu, unawasha kijani. Sasa, aliulizwa akasema hana, au foleni ilikuwa ndefu mapokezi wakapitiliza? Mfumo niliokuta sehemu moja ulichukulia kwamba kisichoandikwa hakipo. Kwenye ratiba ya mabasi hiyo ni sawa kabisa. Kwenye dawa inaua.

Robert Moore, mtafiti wa mantiki ya akili bandia, aliliweka vizuri mwaka 1985. Mfano wake: najuaje sina kaka mkubwa? Ningekuwa naye, ningejua, sijui lolote kuhusu kaka huyo, basi sina. Uzito wote umebebwa na ile "ningejua". Kwenye mzio, sentensi hiyo unaipata tu kama mtu aliulizwa.

Moore aliongeza alama L: Lp maana yake "naamini p", p ikiwa sentensi yoyote. Hapo ndipo utamu na balaa vinaanza. Ipe programu kanuni moja tu, "nisipoamini p, basi p", na haitapata msimamo wowote wa kusimamia, yaani seti ya imani isiyojipinga. Igeuze, "nikiamini p, basi p", inapata miwili, na mmoja unaamini p kwa sababu tu unaamini p! Huo mimi siukubali hata kidogo, na si mimi peke yangu niliyeulalamikia.

Ndiyo maana kazini natumia clingo, programu ya kukokotoa majibu kutoka kanuni za mantiki, iliyojengwa juu ya kazi ya watafiti Gelfond na Lifschitz ya 1988. Humo imani ya kujishikilia yenyewe haipiti. Kanuni yetu, kwa ufupi:

-mzio(X) :- aliulizwa(X), not mzio(X).

X ni mgonjwa, na ":-" ni "ikiwa". Ile "-" ni "hana". Ile "not" ni "sina sababu ya kuamini anao". Asiyeangukia upande wowote, skrini inaandika "muulize" na kijani hakiwaki. Na aliyejibu "sikumbuki", tafadhali usimwingize kwenye aliulizwa.