Uliza Fundi: Msumeno wa mtumba unakata mshazari

Fundi, shikamoo. Nimenunua msumeno wa utepe wa kukatia vyuma, ule wa kichwa kinachoshuka, kwa mtu aliyekuwa anafunga karakana yake. Bledi yake ni ya urefu wa milimita 1,638. Kila ninachokata kinatoka mshazari. Nimebadilisha bledi mara mbili, zote za meno 14 kwa inchi, na ya pili imeng'oka meno nikikata bomba la mraba la ukuta wa milimita 2. Nimelegeza na springi ili kichwa kishuke kwa nguvu zaidi, lakini wapi. Jirani anasema nimeuziwa mzigo. Je, niutupe?
*Fundi wa Uani*

Marahaba, mwanangu. Usitupe kitu. Kwanza irudishe hiyo springi ulikoikuta, leo hii, maana inaua bledi zako. Bledi inayokandamizwa hukimbilia pembeni, kwa hiyo ulipodhani unatibu mshazari ulikuwa unauongeza.

Sasa tuujue ugonjwa wenyewe kabla ya kushika spana. Tafuta chuma cha mviringo cha kipenyo cha milimita 50 hivi. Kibane kwenye jiliwa (vaisi), kata ncha yake ipate uso mpya. Kisha kizungushe nusu duara, uliokuwa upande wa juu uwe chini, ukibane tena na ukate kisahani cha unene wa milimita 10. Kabla hakijaanguka kiwekee alama ya kalamu upande wa juu. Usisahau kukizungusha. Nyuso zote mbili zikikatwa bila kugeuza chuma, mshazari wa kwanza na wa pili huwa sambamba, kisahani kinatoka na unene mmoja pande zote, nawe unajipongeza bure. Ukigeuza, kosa linajidhihirisha mara mbili ya ukubwa wake.

Pima unene kwa venia, ile rula yenye taya, juu na chini, kisha kulia na kushoto. Unene ukitofautiana kulia na kushoto, taya la jiliwa ndilo halijakaa mraba na bledi. Hilo ni jambo la dakika kumi: legeza bolti, weka guni (kipimo cha pembe mraba) kati ya taya lisilosogea na bledi, kaza. Ukitofautiana juu na chini, na uso ukiwa umenyooka kama ubao, viongozi vya bledi, yaani vile vishikio vyenye beringi vinavyoielekeza bledi inapokata, vimepinda. Ikiwa uso umebonyea au una tumbo, bledi yenyewe inatangatanga: imelegea, au imekandamizwa, au meno ya upande mmoja yamekufa. Kwa ulivyoeleza, nahisi una maradhi mawili kwa pamoja, viongozi na springi.

Kwenye viongozi ndiko msumeno wa mtumba unakoharibikia, na hapo nami nilipigwa. Msumeno wangu wa kwanza nilishinda nao kutwa nzima nikizungusha skrubu ya kuinamisha gurudumu, bledi ikivuka huku, ikivuka kule, kumbe beringi za viongozi bado zimeikumbatia. Sikuwa narekebisha gurudumu, nilikuwa nagombana na beringi. Kwa hiyo fuata mpangilio huu, usiuruke.

Chomoa waya ukutani. Toa bledi, uzungushe kila beringi ya kiongozi kwa kidole. Inayokwaruza kama ina mchanga ndani, badilisha. Wengi huzikuta zimeganda kabisa, bledi imezichimbia mfereji. Sogeza viongozi vyote mbali, rudisha bledi kwenye magurudumu mawili peke yake, ikaze, kisha uzungushe kwa mkono. Mgongo wa bledi unatakiwa uende karibu na ukingo wa gurudumu bila kuusugua. Ikisugua utaisikia, na ukiiacha hivyo italila gurudumu taratibu. Inamisha gurudumu lisiloendeshwa na mota, kidogo kidogo, robo mzunguko wa skrubu, zungusha tena, tazama. Ikitulia, hapo ndipo unarudisha viongozi.

Kila kiongozi kina beringi mbili zinazobana bledi kwa ubavu, na moja yao kwa kawaida imefungwa kwenye shina lililopinda kidogo, ndiyo maana ukilizungusha beringi inasogea. Isogeze hadi iguse bledi tu. Ikiwa sawasawa, bledi inaizungusha, lakini ukiishika kwa vidole viwili unaweza kuizuia. Hayo yote unafanya kwa mkono, mota imezimwa! Ya mgongoni iachie nafasi ya unywele. Kazi yake inaanza chuma kinaposukuma bledi nyuma.

Kisha guni. Liweke juu ya kitako cha msumeno, lilaze kwenye ubavu wa bledi, si juu ya meno, kwa sababu meno yametandazwa kulia na kushoto na yatakudanganya. Zungusha kishikio cha kiongozi mpaka mwanga usipenye kati ya guni na bledi. Fanya hivyo kwa kiongozi cha kwanza na cha pili, halafu rudi kwa cha kwanza, maana ukigusa kimoja unakivuruga na chenzake. Ukifika wakati wa kukata, sogeza kile kinachohama kiwe karibu na chuma kadiri inavyowezekana. Watu wengi hukiacha mwisho kabisa wa mkono wake hata wanapokata fito nyembamba, kisha wanalaumu bledi.

Springi: mimi hutundika mizani ya ndoana kwenye ncha ya kichwa na kuinua mpaka kiachane na kituo chake. Wangu naupenda ukisoma kilo 4 hivi. Lakini mwamuzi wa kweli ni chenga za chuma. Zikitoka zimejikunja, umepatia. Zikiwa unga, unakandamiza kidogo mno na meno yanasugua tu. Zikiwa nene na zimebadilika rangi kuwa bluu, unaichoma bledi.

Na yale meno yaliyong'oka? Bledi ya meno 14 kwa inchi ina nafasi ya karibu milimita 1.8 kutoka jino hadi jino. Yanatakiwa angalau meno matatu yawe ndani ya chuma kwa wakati mmoja, sasa wewe ukuta wako ni milimita 2. Jino moja lilikuwa linabeba kazi ya matatu, tena chini ya kichwa ulichokilegezea springi. Kwa mabomba hayo tafuta ya meno 24 na ushushe kichwa kwa upole. Engo, yaani chuma cha pembe, ilaze kama paa la nyumba, kona juu, ili bledi ipite kwenye kuta kwa mshazari na ikutane na chuma kingi zaidi. Bledi yoyote mpya, mikato michache ya kwanza ipe nusu ya uzito wa kawaida.

Mengine ni mafupi. Fungua giaboksi, mwaga oili ya zamani, itazame gia ya shaba. Ikiwa meno yake yamekonda kama kisu, jiandae kutafuta nyingine. Kasi ya kati inatosha chuma cha kawaida, ya chini kwa chuma cha pua, ya juu kwa alumini. Na hakikisha waya wa ardhi umeungwa kwenye mwili wa mashine. Mitumba mingi niliyoifungua, mtu alikuwa ameukata.

Swali: Fundi, bledi ilikatika chuma kikiwa nusu. Nimeweka mpya, nimeiingiza kwenye mkato uleule, ikabanwa na kukatika. Ni mbovu?

Hapana. Meno ya bledi kuukuu yamekwisha ubavuni, kwa hiyo mfereji wake ni mwembamba kuliko bledi mpya. Geuza chuma, anzia upande wa pili, mkutane katikati.

Swali: Fundi wangu, bledi mpya inapita juu ya chuma inaking'arisha tu, haikati.

Umeivalisha ndani nje. Ukiitazama meno yanaelekea nyuma, sivyo? Vaa glovu na miwani, ipindue kama unavyopindua shati, meno yatangulie kule bledi inakokwenda. Usione haya. Nimeuziwa msumeno mzima kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu hiyo hiyo, na mwenyewe sikumwambia.